Jinsi ya Kutumia Seramu ya Vitamini C Bila Kuiumiza Ngozi

Vitamini C, inayouzwa kama seramu (kimiminika chepesi cha kupaka usoni), ni antioksidanti, yaani kiambato kinachokinga seli, iliyochunguzwa sana katika utunzaji wa ngozi, lakini pia huharibika upesi. Kwa hiyo anayetaka kunufaika nayo hana budi kuikagua chupa yenyewe kabla ya kuziamini sifa zilizoandikwa juu yake.

Mionzi ya jua huzalisha ndani ya ngozi molekuli zisizotulia, ziitwazo radikali huru, ambazo hushambulia mafuta na protini za seli. Vitamini C huzituliza kabla hazijaleta madhara, husaidia utengenezaji wa kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), na hupunguza nguvu ya kimeng'enya kinachotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, ndiyo maana madoa ya chunusi hufifia. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Bidhaa inayong'arisha uso mzima ndani ya siku chache ni ya kutiliwa shaka, kwani huenda imetiwa zebaki au steroidi.

Kwenye lebo, tafuta asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C yenyewe, ya asilimia 10 hadi 20. Kupita hapo faida haiongezeki, mwasho ndio unaozidi. Ili ipenye vizuri, asidi hii huhitaji pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, ukali huongezeka) iliyo chini ya 3.5, na ukali huo ndio unaochoma kidogo mwanzoni. Mwenye ngozi nyeti aanze na asilimia 5, au achague sodiamu askobili fosfeti, aina ya vitamini C iliyo pole zaidi. Ikiwa imechanganywa na vitamini E na asidi feruliki, ni bora, kwa sababu viambato hivyo huifanya idumu na huongeza kinga yake.

Kwanza ijaribu upande wa ndani wa mkono kwa siku kadhaa. Ngozi ikiipokea vyema, nawa uso asubuhi, ukauke kabisa, paka matone machache, kisha losheni, na mwisho krimu ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kukinga jua) 30 au zaidi, kwa kuwa seramu haichukui nafasi yake. Retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka), kama unaitumia, iache kwa ajili ya usiku. Mjamzito hushauriwa kuiacha retinoli kabisa, ingawa katazo hilo haliihusu vitamini C ya kupaka. Uso ukiendelea kuwaka au kuwasha, ioshe na usitishe, hasa ukiwa na ngozi nyeusi, maana mwasho huacha madoa yaleyale uliyokuwa ukiyatibu.

Dondosha tone la seramu kwenye karatasi nyeupe mara kwa mara. Likiwa angavu au la manjano hafifu, endelea. Likiwa la kahawia, itupe. Chupa isiyopitisha mwanga, iliyofungwa vizuri na kuwekwa mahali penye ubaridi, huchelewesha mabadiliko hayo.

Maji ya limau si mbadala wa seramu, japo wengi huyasifu: ukali wake haupimiki, na yana kemikali ambazo zikikutana na jua zinaweza kuibabua ngozi hadi ikatoka malengelenge.