Namna ya kupwelewa kwa heshima

Nahodha anayesema hajawahi kupwelewa, yaani kuachwa na maji juu ya mchanga, ama ni muongo ama mashua yake haijawahi kushushwa majini. Mimi nimekaa juu ya fungu la mchanga la Pange, mbele ya Mji Mkongwe, mara nyingi hata sufuria ya chai haitoki tena chomboni.

Hatua ya 1. Tazama mwezi kabla ya tanga. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na hukauka kwenye saa nne asubuhi. Kupwa huchukua kama saa sita, lakini usizigawe sawasawa: saa ya tatu na ya nne peke yake huondoka na nusu ya maji. Ndipo abiria anapoomba, "Tushuke kidogo tu, tupige picha."

Hatua ya 2. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umegusa. Tua tanga mara moja, upepo usikupandishe zaidi. Choma upondo, ule mti wa kusukumia chombo, mchangani, ufunge uzi pale maji yalipofika. Usitazame nyuso za abiria, tazama uzi. Ukizama, maji yanajaa: bandika chai. Ukibaki hewani, wote washuke, chombo kiwe chepesi, mkisukume kirudi kilikotoka. Dakika tano zikipita bila kutoka, acheni. Mtaumiza migongo bure.

Hatua ya 3. Beba nanga begani, tembea nayo mpaka maji makuu, uitie huko na kamba uikaze. Wengi husahau hili, na maji yakirudi huwasukuma juu zaidi ya fungu. Chombo kitalala ubavu, kwa hiyo tia magunia chini yake, na uhamishe jiko la mkaa kabla halijahama lenyewe.

Hatua ya 4. Kejeli. Kila anayepita atauliza kiwanja mmenunua bei gani. Jibu: "Karibuni, vimebaki viwili." Siku moja nilikwama karibu na pwani, mama mmoja aliyetoka kuokota chaza akakizunguka chombo na ndoo yake kichwani, akaniambia, "Baba, ukimaliza kuegesha tuachie njia." Sikuwa na jibu. Nikammiminia chai.

Hatua ya 5. Maji yakishakiinua chombo, jivuteni kwa kamba ya nanga hadi kwenye kina. Kabla ya kutweka tanga hesabu watu, maana hakosekani mmoja aliyemfuata pweza mbali. Kisha hesabu kandambili. Mimi ninazo tatu nyumbani, zote za mguu wa kushoto.