Kabla hujahama FL Studio kwenda Reaper

FL Studio na Reaper ni programu za kutengeneza muziki. Kama kinachokuudhi kwenye FL Studio ni sauti kukatika-katika, kwanza pandisha bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza) hadi sampuli 512. Huenda huna sababu ya kuhama. Bado unataka? Reaper inakupa siku 60 za kujaribu kila kitu. Chukua biti moja uliyokwisha maliza, si kazi ya mteja, uihamishe.

Faili ya .flp, yaani mradi wa FL Studio, haifunguki kule. Ukiwa FL Studio, toa WAV (faili za sauti) za 24-bit ukiwa umewasha “Split mixer tracks”, ili kila njia ya miksa iwe na faili yake. Hapa ndipo wengi hukwama: kiki, sneya na besi ambazo hukuzipangia njia zake kwenye miksa zitabaki zimerundikana kwenye masta, yaani njia kuu ya miksa. Andika tempo (kasi ya biti) pembeni. Faili ya MIDI nayo hubeba maelekezo ya noti tu, sauti yenyewe ya kinanda haiji.