Kuweka kioo cha Full HD kwenye laptopu: anza na stika ya nyuma

Kama laptopu yako ina kile kioo cha 1366 kwa 768 na mashine yenyewe bado iko fiti, usiiuze, weka kioo cha 1920 kwa 1080, ndo hiyo Full HD, pikseli (vidoti vya picha) zinakuwa karibu mara mbili na maandishi yanakuwa safi kabisa. Ila jamani usinunue kwa kuangalia jina la laptopu tu, hapo ndo hela za watu zinapotea, modeli moja inaweza kutoka kiwandani na vioo vya aina mbili tatu.

Kwahiyo fungua kwanza. Zima kabisa, toa chaja, fungua mfuniko wa chini uchomoe betri. Hiyo usiiruke hata kidogo, ile kebo ya kioo inabeba pia umeme wa taa za nyuma, ukiichezea umeme ukiwa upo unaweza kuunguza kafyuzi kadogo kwenye madabodi na kioo kipya nacho kitabaki giza. Bandua fremu ya plastiki taratibu kwa kadi laini, toa skrubu, laza kioo kifudifudi juu ya kibodi.

Nyuma kuna stika yenye namba, mfano N156BGE-E41, hiyo 156 ni inchi 15.6. Namba hiyo ndo ya kutafutia, sasa angalia konekta, pale kebo inapochomekwa kwenye kioo. Pini 30 ni eDP, mfumo mpya wa kupeleka picha kwenye kioo, hapo umepata bahati, mara nyingi kioo cha Full HD cha hezi 60 (picha inaonyeshwa upya mara 60 kwa sekunde) kinakubali kwa kebo hiyohiyo. Pini 40 ndo penye mtego, maana inaweza kuwa LVDS, mfumo wa zamani wa laptopu za zamani, au eDP ya vioo vya tachi, 4K na vile vya hezi nyingi, kwa macho zinafanana lakini umeme wake haufanani, usichanganye. LVDS ya kioo cha 1366 kwa 768 huwa ina chaneli (njia ya data) moja na Full HD inataka mbili, yaani utabadilisha kebo, na madabodi nayo iwe inakubali.

Halafu linganisha masikio ya skrubu yako upande gani, konekta imekaa wapi, na unene. Vioo vina teknolojia tofauti, ukiwa unachagua chukua IPS, usichukue TN, tofauti utaiona ukikaa pembeni kidogo tu, rangi za IPS hazigeuki.

Kuchomeka kipya: inua kale kakilango ka konekta, sukuma kebo ikiwa imenyooka, usiilazimishe, rudisha selotepu yake. Kabla hujafunga chochote rudisha betri uwashe, jaza skrini rangi nyeupe halafu nyeusi utafute pikseli zilizokufa, maana ukishabandika gundi kurudisha dukani ni kesi. Ikiwa poa, zima, toa betri tena ndo ufunge. Maandishi yakionekana madogo sana pandisha skeli (ukubwa wa maandishi na vitu) kwenye mipangilio ya skrini hadi asilimia 125, rezolusheni yenyewe usiishushe.