Ifunge kamera ukiwa bado nje
Kwa mnaosoma huku Minnesota na mnapiga picha kila siku kama mimi: kabla hujaingia bwenini, itie kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, ukamue hewa, uufunge hukohuko nje. Kamera iliyotoka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikikutana na hewa ya ndani yenye joto na unyevu, inatota kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na maji hayo hayaishii kwenye kioo, yanaweza kupenya hadi ndani ya lenzi. Ikiwa mfukoni, umande unashika plastiki na kamera inabaki kavu. Iache kwa muda wa saa 2 hivi, mbali na hita, mpaka ukiigusa usisikie ubaridi. Kadi ya picha itoe mapema, ukiwa nje, maana hamu ya kuziona picha ndiyo inayotufanya tuufungue mfuko haraka. Ukiufunga ukiwa umeshaingia ndani, umechelewa, unyevu umeshaingia humo. Mfuko wenye tundu nao haufai kitu.