Namna ya Kuandaa na Kupima Peptidi ya KPV kwenye Seli za Utumbo

KPV ni peptidi fupi yenye asidi amino tatu tu, yaani lisini, prolini na valini, ambazo ndizo zinazofunga mkia wa homoni ya alfa-MSH yenye asidi amino 13. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani walionyesha kwamba peptidi hii huingia ndani ya seli za utumbo kwa kubebwa na protini iitwayo PepT1, na kwamba ikishaingia hupunguza nguvu ya NF-kappa B, ambayo ndiyo huiamrisha seli kutoa kemikali za uvimbe. PepT1 kwa kawaida hukaa kwenye utumbo mwembamba, lakini huanza kujitokeza kwenye utumbo mpana pale unapougua, na hapo ndipo utafiti huu ulipopatia mvuto wake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi au fundi wa maabara anayetaka kufanya jaribio la aina hiyo kwenye seli. Si mwongozo wa tiba, na unga unaouzwa mtandaoni kwa ajili ya utafiti haufai kumezwa wala kudungwa: KPV haijaidhinishwa kuwa dawa nchini Marekani, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, iliiweka miongoni mwa viambato vinavyotiliwa shaka kiusalama vikichanganywa na wafamasia.

Kazi huanza kwenye chupa yenyewe. Itoe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri na uiache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, kwa sababu chupa baridi ikifunguliwa huvuta unyevu wa hewa, unga ukashikamana na uzito wake ukapotoka. Kisha soma cheti cha bidhaa kwa makini. Usafi wa asilimia 98 hauna maana kwamba asilimia 98 ya unga ni peptidi; sehemu ya uzito ni chumvi na maji, na kiasi halisi cha peptidi huandikwa kwenye mstari mwingine ambao wengi huuruka. Tuseme chupa ina miligramu 5 na cheti kinaonyesha kiasi halisi cha asilimia 75: peptidi iliyomo ni miligramu 3.75, na kwa kuwa uzito wa molekuli ya KPV ni takriban gramu 342.4 kwa moli, mililita 1.1 za maji safi ya maabara zitakupa myeyusho wa karibu milimola 10. Ni afadhali kuyeyusha chupa nzima namna hii kuliko kuchota unga kidogo kidogo, kwani unga mkavu hurukaruka kwa umeme tuli na kubaki kwenye kijiko. Pitisha myeyusho kwenye kichujio cha mikromita 0.22, ugawe katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, na uvigandishe.

Angalia pia aina ya chumvi. Peptidi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mabaki ya TFA, asidi inayoweza kuathiri ukuaji wa seli. Agiza chumvi ya asetati ikiwa bajeti inaruhusu.

Seli za Caco-2, aina ya seli za utumbo wa binadamu zinazokuzwa maabara, zinafaa kwa kazi hii kwa kuwa zina PepT1, ila ziachwe zikomae kwa takriban siku 21 baada ya zenyewe kuijaza sahani. Siku ya jaribio zihamishie kwenye chakula cha seli kisicho na seramu (majimaji ya damu), maana seramu ina vimeng'enya vinavyokata peptidi. Seli hupewa KPV kwa nanomola 10, na kutoka milimola 10 hadi hapo kuna tofauti ya mara milioni, kwa hiyo punguza kwa hatua tatu, kila mara ukichanganya mikrolita 10 na mikrolita 990 na kubadilisha ncha ya pipeti. Miyeyusho hafifu itumike siku hiyohiyo. Seli zikishapewa KPV, zichokoze kwa IL-1 beta au TNF-alfa, ambazo ni protini zinazoamsha uvimbe, kisha tumia ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili, kupima IL-8, mojawapo ya kemikali za uvimbe ambazo seli hutoa.

Makundi ya ulinganisho ndiyo yanayotenganisha jaribio na bahati nasibu, na mimi nisingeyapunguza hata sahani zikiwa chache. Pawe na seli zisizochokozwa, seli zilizochokozwa na kupewa kiyeyushi peke yake, na seli zilizopewa KPV bila kuchokozwa. Ongeza kundi lililochokozwa na kupewa KPV pamoja na Gly-Sar, peptidi ya asidi amino mbili, kwa wingi unaoizidi KPV kwa mbali, kwa kuwa Gly-Sar hushindania mlango huohuo wa PepT1: kinga ya KPV ikipungua hapo, una sababu ya kuamini kwamba peptidi ilipita mlangoni humo. Sahani nyingine ipimwe uhai wa seli, kwa mfano kwa MTT, kemikali inayobadilishwa rangi na seli hai, kwa sababu seli zinazokufa nazo hutoa IL-8 kidogo, na kifo kinaweza kusomeka kama nafuu.

Iwapo kamati ya maadili itakuruhusu kuendelea hadi kwa panya, ambao huumwa utumbo mpana kwa kunyweshwa DSS, kemikali inayouumiza utumbo huo, pima kila siku uzito wao, hali ya kinyesi na damu iliyomo, na mwishoni urefu wa utumbo mpana, ambao hufupika kwa ugonjwa. Zaidi ya yote, pima maji wanayokunywa. KPV katika majaribio ya 2008 iliwekwa kwenye maji ya kunywa kwa mikromola 100, na DSS nayo hutolewa kwa njia hiyohiyo. Panya aliyepunguza kunywa kwa sababu yoyote amepunguza pia sumu ambayo ingemfanya augue, na utumbo wake utaonekana mzima hata kama peptidi haikufanya lolote.