Mmea umebaki shina moja kisiwa kizima, unauokoaje?

Tuseme umekabidhiwa mmea wa aina yake wa mwisho porini. Usikimbilie kuweka uzio. Najua mikono inawasha, ila subiri kwanza.

Kisiwa cha Rodrigues, kile kidogo huko mashariki ya Morisi, kuna jamii ya kahawa mwitu wanaiita café marron. Watu walishaihesabu imetoweka, mpaka karibu na mwaka 1980 mwalimu akaonyesha darasa mchoro wa zamani na mwanafunzi mmoja akasema mbona huo mti naujua, akaleta na tawi. Habari zikasambaa, watu wakaanza kwenda kukata matawi ya dawa, eti ya hangova na ya magonjwa ya zinaa, ukawekwa uzio, wakaruka, ukaongezwa mwingine. Uzio mtupu unamtangazia kila mpita njia kwamba hapa kuna mali. Kwa hiyo anza na majirani wa hapo, kaa nao, mlinzi atoke kwao, halafu ndo uweke uzio wa kuzuia mbuzi. Na picha zenye lokesheni usirushe popote.

Kinachofuata ni vipandikizi. Chagua kijiti ambacho si kichanga sana wala hakijakomaa kabisa, kata kwa wembe safi chini kidogo ya fundo, pale jani linapochipukia, majani ya chini toa yote, ya juu acha mawili na uyakate nusu ili yasipoteze maji. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, funika na mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, weka kivulini. Na tafadhali usichomoe kila siku kuchungulia mizizi, nimeshaua miche mingi ya kawaida kwa umbea huo. Chukua vijiti vichache tu, mama asije akafa kwa ajili ya watoto, na vikishika gawa kwenye vitalu viwili vitatu, maana kimbunga kimoja au mtu kasahau kumwagilia wikendi, imekwisha.

Sasa hapa ndo wengi wanapumzika mapema. Vipandikizi mia vya shina moja bado ni mmea uleule mmoja, kwa hiyo unahitaji mbegu. Vya café marron vilipelekwa bustani ya Kew, London, mwaka 1986, kukapatikana mche, ukachanua weee lakini tunda hakuna, miaka na miaka. Mpaka Carlos Magdalena, mtunza mimea wa pale, alipojaribu kukata ncha ya stigma, pale chavua inapotua, akapaka chavua kwenye kidonda chenyewe, akarudia ua baada ya ua, na 2003 tunda likapatikana. Kwa hiyo kila ua unalochezea andika tarehe, saa, joto, ulifanya nini, maana likishika halafu hukumbuki ulifanyaje utalia.

Miche ikirudi kisiwani, kazi inabaki kung'oa magugu ya kigeni, na wapaliliaji waonyeshe kwanza mche mdogo ulivyo. Wa café marron una majani marefu membamba ya kikahawia, na mstari wa pinki katikati, mti mkubwa una ya kijani ya duara. Asiyejua atang'oa huo huo mlioteseka nao miaka yote, na atakuwa anajisifu kapalilia vizuri.