Kuomba vyuo vigumu vya Marekani ukitokea Kenya: hatua kwa hatua, na nafasi yako halisi

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakishatangazwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Nimepata A ya pointi 82. Nina nafasi gani Harvard?" Anayeuliza hutaka asilimia. Haya, mwaka 2024 Harvard ilipokea maombi zaidi ya 54,000 ikachukua watu wasiofika 2,000, yaani kama 4 katika kila 100. MIT, ukihesabu waombaji wa nje ya Marekani peke yao, ni kama 2 katika 100. Katika KCSE ya mwaka uo huo Kenya ilitoa gredi ya A 1,693, na hiyo ni nchi moja tu.

Kwa hiyo A yako ni kiingilio cha uwanjani, haikuhesabii bao. Nimeona wenye A- wakichukuliwa na wenye pointi 84 wakiachwa. Alama zimeshatoka, huwezi kuzibadilisha. Unachoweza kukisogeza bado ni orodha ya vyuo utakavyoomba, barua zitakazoandikwa na shule yako, na fomu ya pesa. Huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kalenda, kabla ya chochote

Maombi ya kawaida hufungwa kati ya tarehe 1 na 5 Januari, wakati matokeo ya KCSE mara nyingi bado yako KNEC, baraza la mitihani. Aliye Kidato cha Nne anaweza kuomba kwa alama za kukadiriwa na walimu, lakini wengi hungoja matokeo na kuomba mwaka unaofuata. Tuchukue anayefanya KCSE Novemba 2026. Matokeo atayapata Januari 2027, SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea chuo, ataufanya kati ya Machi na Oktoba, Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, inafunguliwa tarehe 1 Agosti, maombi ya mapema hufungwa 1 Novemba na ya kawaida mwanzoni mwa Januari 2028. Majibu hutoka mwishoni mwa Machi, na safari ni Agosti 2028. Ni mwaka mzima na zaidi ukiwa nyumbani huku wenzako wakipiga picha wakiwa na vitambulisho vya chuo. Mwambie mzazi mapema, asije akaona umezubaa.

Kuna mtego hapa. KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo vya hapa Kenya, ikikupa nafasi, usikimbilie kujisajili na kuanza masomo ya digrii kabla ya kusoma masharti ya vyuo unavyovitaka. Vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyekwisha kuanza digrii kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na mlango wa wanaohamia ni mwembamba zaidi. Soma masharti ya kila chuo, kisha ndipo uamue.

Pasipoti nayo iombe sasa hivi kupitia eCitizen. Huenda ukaihitaji kwenye chumba cha SAT muda mrefu kabla ya kuihitaji uwanja wa ndege.

SAT

Mtihani huu sasa unafanywa kwenye kompyuta, kwa programu iitwayo Bluebook, kwa saa mbili na dakika 14, na alama ya juu ni 1600. MIT iliurudisha kuwa wa lazima mwaka 2022, na Harvard, Dartmouth na Brown zikafuata mwaka 2024. Yale hukubali pia mitihani mingine michache badala yake. Ada, ukijumlisha nyongeza ya walio nje ya Marekani, hupita dola 100, na msamaha wa ada hiyo ni wa wanafunzi wa Marekani. Changisheni mapema. Vituo ni vichache na vingi viko Nairobi, kwa hiyo wa Lamu au Turkana ahesabu nauli na mahali pa kulala. Mazoezi ni ya bure ndani ya Bluebook yenyewe na Khan Academy. Usimlipe mtu kwa karatasi zilezile alizozipakua bure.

Orodha ya vyuo

Hapa ndipo watu hupoteza nafasi bila kujua. Kijana huandika majina manane aliyoyasikia kwenye filamu, basi. Swali la kuuliza kuhusu kila chuo ni hili: nikisema sina pesa, je, hilo litatumika kuamua kama nitachukuliwa?

Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo hivi inacheza karibu na dola 90,000. Vipo vyuo visivyoangalia mfuko wa mwombaji wa kigeni wakati wa kuamua, halafu humlipia pengo lote, yaani kile ambacho familia yake haiwezi kulipa, akishakubaliwa: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, Brown na wengine wachache. Dartmouth na Bowdoin waliingia kundi hili mwaka 2022, na Brown ilianza na walioingia 2025. Kundi la pili hulipa pengo lote la aliyekubaliwa, lakini mfuko wako huwekwa mezani pamoja na alama zako: Stanford, Columbia, Cornell, Duke, Williams, Swarthmore, Pomona. Hapo bajeti ya wageni inaweza kukuacha nje hata kama faili lako limependwa. Kundi la tatu, ambalo vijana wetu hulipenda sana kwa jina, ni vyuo vya umma kama Berkeley na UCLA. Hivyo ni vizuri mno, lakini ufadhili wao kwa mgeni asiye na pesa ni kama haupo. Ukikubaliwa huko utabaki na barua ya kufremu.

Kwa mtoto wa mkulima au wa mwenye kibanda, mimi hupanga hivi: vyuo vinne au vitano vya kundi la kwanza, vitano vya kundi la pili, halafu viwili au vitatu visivyojulikana huku kwetu, kama Grinnell na Macalester, ambavyo huchukua sehemu kubwa zaidi ya waombaji. Usidanganyike sana na takwimu zao. Kwa mgeni anayeomba pesa nyingi mlango ni mwembamba kuliko ule wa jumla. Common App inakuruhusu vyuo 20, lakini sijaona mtu aliyeomba 20 akaandika insha 20 nzuri. MIT ina fomu yake pembeni.

Kuhusu maombi ya mapema: yale yaitwayo Early Decision yanakufunga. Ukikubaliwa unakwenda huko na kuondoa maombi mengine yote, isipokuwa kama msaada wa kifedha hautoshi. Harvard, Yale, Princeton na Stanford hawakufungi, ila wanakuzuia kuomba mapema karibu kila chuo kingine cha binafsi.

Barua za shule

Unajua barua za kwetu. Mistari mitano: kijana huyu alikuwa mwanafunzi hapa tangu mwaka fulani, ni mtiifu na mwenye nidhamu, aliwahi kuwa kiranja wa bweni, msaada wowote atakaopewa utathaminiwa. Muhuri. Barua hiyo inafaa kuombea basari ya kaunti. Mezani Massachusetts, kwa Harvard au MIT, ni sawa na kutotuma kitu, kwa sababu faili lililo chini yake lina kurasa mbili za mwalimu anayesimulia jinsi mwanafunzi wake anavyofikiri.

Mwalimu wako si mvivu. Ana mikondo mitatu ya wanafunzi 60 na hajawahi kuona barua ya aina hiyo. Basi mwendee mapema, mwezi wa Agosti na si wiki ya mwisho ya Desemba, ukiwa na ukurasa mmoja wa kumkumbusha. Uliwahi kumbishia kuhusu jibu lililo nyuma ya kitabu, ukarudi kesho yake na kurasa tatu za hesabu? Umeme ulikatika maabara, mkamalizia jaribio kwa tochi ya simu yake? Andika siku hizo kwa ufupi. Walimu wawili hutosha, wa masomo makuu, waliokufundisha miaka ya mwisho. Mbunge na askofu waache.

Atakayekuambia, "Andika mwenyewe, niletee niweke sahihi," yuko, na atakuwa anakuhurumia. Mjibu kwa adabu: "Mwalimu, nimekuletea kumbukumbu tu, maneno naomba yawe yako." Kujiandikia ni udanganyifu, na barua mbili zenye sauti moja na insha yako hujulikana upesi.

Kiungo cha kutuma barua hufika kwa barua pepe ya mwalimu. Wengi hawaifungui. Kaa naye kwenye saiba, lipia bando, hakikisha imeondoka.

Fomu ya tatu hujazwa na mwalimu mkuu au naibu wake, kwa nafasi ya mshauri wa wanafunzi. Hiyo huambatana na ripoti za mihula tangu Kidato cha Kwanza na ukurasa unaoieleza shule. Usiuache ukurasa huo uwe sifa za majengo. Mwombe aeleze namna tunavyosahihisha. Shule nyingi za hapa aliyeongoza Fizikia muhula huo ana 62, na msomaji wa Marekani akiiona 62 anadhani kijana kaponea chupuchupu. Aandike nafasi yako darasani, wastani wa KCSE wa shule, na wangapi walipata A mwaka wenu. Kama ni shule ya kutwa yenye maabara moja, aseme hivyo, bila kulalamika.

Shughuli na insha

Nafasi ni kumi za shughuli, kila moja herufi 150. Vijana huacha sita tupu kwa kuwa hawakuwa na klabu ya midahalo. Wakati huohuo wamekuwa wakiamka saa kumi kumsaidia mama kukaanga mahamri, na kulea wadogo zao watatu. Common App ina kipengele cha majukumu ya familia na cha kazi ya malipo. Andika idadi: saa kwa wiki, wiki kwa mwaka, mahamri mangapi.

Insha kuu haizidi maneno 650. Sahau yote uliyofundishwa kuhusu insha ya KCSE: hakuna methali ya kufungulia, hakuna jua lililochomoza kwa madaha. Wala usiuze umaskini. Wasomaji hawa wamesoma njaa nyingi; wanachokitafuta ni unavyowaza. Msichana mmoja niliyemsaidia aliandika kuhusu daftari la madeni la duka la babake, jinsi alivyojifunza nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hulipa msiba ukipita. Umaskini ulikuwamo ndani, ila hakuutaja. Na Common App huhesabu kuwa ni udanganyifu kuwasilisha maandishi ya akili bandia kama yako.

Fomu ya pesa

FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, si yako, hiyo ni ya raia wa Marekani na wageni wachache wenye makazi. Yako ni CSS Profile, fomu ya mtandaoni ya kueleza pesa za familia, au fomu ya bure iitwayo ISFAA kwa vyuo vinavyoikubali. CSS hutoza dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Andikia ofisi ya misaada ya kila chuo uombe msimbo wa msamaha, vingi hutoa. Ada ya maombi yenyewe nayo husamehewa ukieleza hali.

Ugumu wake uko nyumbani. Baba hataki mtoto ajue mshahara wake, sembuse Mmarekani. Keti naye usiku mmoja, mweleze kwamba bila namba hizo hakuna msaada. Mwenye hati ya mshahara na karatasi za KRA atoe. Asiye nazo atumie barua ya chifu, taarifa ya M-Pesa ya mwaka na maelezo yake kwa maandishi. Shamba la babu lisilogawanywa lielezwe lilivyo, si mali ya baba. Swali la familia itachangia kiasi gani ndilo hutetemesha watu. Jibu ukweli. Anayeandika dola 10,000 ili apendeze ataambiwa alipe hizo 10,000, kila mwaka.

Msaada wa bure upo. EducationUSA iko ndani ya Ubalozi wa Marekani Nairobi na hailipishi ushauri. KenSAP, tangu 2004, huchukua vijana wa Kenya waliong'ara KCSE wasio na uwezo na kuwaandaa kwa vyuo hivi hivi. Atakayekuhakikishia nafasi kwa shilingi laki mbili, mwachie chai yake.

Baada ya majibu

Ukikubaliwa, linganisha barua za msaada hadi 1 Mei, siku ya mwisho ya kujibu. Ukiwekwa orodha ya kusubiri, kubali kubaki humo, andika barua moja fupi, kisha endelea na chuo kilichokuchukua. Chuo kitakutumia I-20, hati ya kuombea viza ya mwanafunzi. Lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350 na ya viza dola 185, halafu uombe siku ya mahojiano.

Wasomaji wa nchi jirani wasome habari za viza kabla ya kulipia hata SAT. Marekani ilisitisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi Juni 2025, na Tanzania ikaongezwa kuanzia 1 Januari 2026. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo tazama ukurasa wa ubalozi wako.

Na siku ya kusafiri, I-20 iliyotiwa sahihi usiifungie kwenye sanduku la kupakiwa. Ibebe mkononi, pamoja na barua ya msaada wa kifedha. Afisa wa uhamiaji atazitaka kabla hujaliona sanduku lako.